Mikate Miwili ya Zina

Mimi si mtu wa kuamini watu. Nalisema mapema, usije ukafika mwisho ukadai Klavdia alikuficha. Miaka ishirini na tisa nilisimama mlangoni mwa kituo cha maziwa cha shamba la ushirika hapa Sukhy Brid, nikipima maziwa ya kijiji kizima. Mwanamke anakuja na ndoo yake, anatabasamu, ananiuliza hali ya miguu yangu, na mimi huku natumbukiza kijiti cha kioo. Kijiti hakina habari na tabasamu. Ukitia maji, kinazama zaidi, na jina lako linakwenda kwenye ubao wa nje, kila mtu alisome. Hivyo ndivyo nilivyowajua watu, na sikuona sababu ya kubadilika nilipostaafu.

Huyu ninayetaka kukusimulia ni jirani yangu Zinaida Kovtun, sisi tunamwita Zina. Kati ya nyumba yake na yangu pana uzio wa mbao, na mbao mbili zimeachana kidogo. Mimi sikuziachanisha, zilikauka zenyewe. Zina alikuwa mpeleka barua. Alizunguka na baiskeli yake ya kijani miaka yote, mvua, theluji, tope la mwezi wa tatu linalofika kwenye magoti, na alijua nani kaandikiwa na nani hajaandikiwa na mtu tangu harusi yake. Hakuwahi kumwambia mtu. Mimi ningekuwa na mfuko ule wa barua kwa wiki moja tu, lo, kijiji kingehama.

Jioni alikuwa akikamua ng'ombe wake kama sisi sote. Siku moja kijiti changu kikazama kwenye ndoo yake.

"Zina, umetia maji?"

"Nimetia."

"Kwa nini?"

"Yalipungua."

Basi, hakuongeza neno. Wenzake walikuwa wakilia, wakiapa kwa roho za watoto wao, wakisingizia mvua, ng'ombe, waume. Huyu, "nimetia", kisha akachukua ndoo yake akaenda. Nikaandika jina lake ubaoni mwezi mzima. Kila asubuhi aliweka ndoo yake chini ya jina lake mwenyewe na kunisalimia. Niliudhika, sikufichi. Nikajiambia kwamba mtu asiyejitetea kwa dogo ana kubwa analolificha, na nikaanza kumwangalia.

Nikagundua mambo mawili. La kwanza, ukimuuliza Zina atakujibu, usipomuuliza hasemi. La pili, hawezi kudanganya. Siku moja kwenye harusi alimwambia shangazi wa bibi harusi kwamba keki ni nzuri sana, na ile keki ilikuwa ngumu kama kizingiti. Masikio yake yakawa mekundu kama bitiruti, meza nzima ikamcheka. Tangu hapo tukawa tunamtania, "Zina, funga kitambaa kabla hujasifu chakula."

Ng'ambo ya barabara, mkabala nasi, anakaa Frosya Bezruchko. Mwanawe wa pekee alikuwa Lukyan. Mshairi. Usicheke, na sisi tulikuwa na mshairi wetu. Mrefu, mwembamba, miwani imefungwa kwa waya, na shoka hajui kulishika. Alipokuwa anapasua kuni, kuku wote wa Frosya walikimbilia kwangu. Lakini mdomo alikuwa nao! Machimbo ya mchanga yalipotaka kumeza misonobari yetu, yeye ndiye aliyeandika barua, akakusanya sahihi, akasimama mbele ya tingatinga na mashairi yake mkononi. Misonobari ile iko mpaka leo. Aliwakusanya watoto maktabani kila Jumamosi wasome kwa lugha yao wenyewe. Aliwasumbua wakubwa wa halmashauri mpaka barabara yetu ikabadilishwa jina.

"Lukyan," nilikuwa namwambia, "mistari yako itachemsha sufuria?"

"Shangazi Klava, nikikuandika wewe itachemka yenyewe."

Na akaniandika kweli. Katika gazeti la wilaya, mbele ya watu wote! Aliandika kwamba Klavdia aliupima mwezi akaukuta umetiwa maji, akauandika ubaoni. Wiki nzima sikumsemesha. Kisha nikaukata ule ukurasa, nikauweka nyuma ya picha ya mtakatifu ukutani. Uko pale hadi leo na sitaki mtu auguse.

Mwezi wa tatu askari wa nchi jirani wakavuka mpaka, wakaingia kijijini. Walikuja na orodha ya watetezi wa lugha yetu, na jina la Lukyan lilikuwa juu kabisa. Wakaipekua nyumba ya Frosya mara tatu, wakakanyaga vitabu, wakamwaga unga sakafuni. Frosya aliwaambia mwanawe amevuka mto, yuko upande wa pili na watu wetu. Hivyo ndivyo alivyojua yeye, na sisi sote tukaamini hivyo.

Mkate ukawa wa shida. Halyna wa dukani alikuwa amebakiwa na unga kidogo, akawa anaoka nyumbani kwake na kuugawa dukani, siku moja ndiyo, siku moja hapana, kila mtu mkate mmoja. Tulipanga foleni kuanzia saa mbili asubuhi. Askari wawili walisimama mlangoni wakivuta sigara na kututazama. Lugha yao tunaielewa, na yetu wanaielewa, hilo ndilo balaa lenyewe.

Siku moja Zina akasema, "Halyna, nipe miwili."

Mjane, binti yake yuko Poland, hana hata paka! Halyna akampa, kwa sababu Zina hakuwahi kuomba kitu maishani mwake. Mimi nikakaza macho. Siku ya foleni iliyofuata, tena miwili. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye uzio wangu. Nikaona amebandika borshi, supu yetu ya bitiruti, kwenye sufuria kubwa, ile tunayoazimana wakati wa harusi. Nikaona anashuka kwenye ghala lake la chini ya ardhi asubuhi, mchana na jioni. Sasa niambie wewe, mwezi wa tatu ghala la viazi lina nini? Viazi vimeshaota, matango ya chumvi yamebaki chupa tatu, mtu hushuka mara moja kwa wiki na kupanda akinung'unika. Nikapiga hesabu zangu, nikapata jibu. Zina anawapikia askari, nao wanamlipa kwa vitu vya kuiba, na vitu vyenyewe anavificha chini.

Nikaamua kumchoma kidogo mbele za watu. Foleni ya tatu, alipopokea mikate yake, nikapaza sauti.

"He! Bibi mmoja, mikate miwili! Zina mwenzetu, umepata mchumba nini? Umemfungia kwenye viazi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Tulikuwa hatujacheka tangu waingie, hata Halyna alijifuta machozi kwa aproni. Wale askari wawili pia walicheka. Zina peke yake hakucheka.

"Nina njaa," akasema, na masikio yakawaka.

"Mmeyaona masikio?" nikawaambia wenzangu alipokwisha kwenda. "Huyu ana jambo." Nilirudi nyumbani nimeridhika na nafsi yangu, nikala mkate wangu na kitunguu.

Jumatano yake, saa sita mchana, gari la askari likasimama kwenye geti la Zina. Nikaenda kwenye uzio. Walikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa ghala, wakaufungua, wakamtoa Lukyan. Alikuwa na blanketi mabegani na miwani hana. Alikunja macho kwa sababu ya jua, akawa anatazama huku na huku kama anayetafuta kitu alichokiangusha.  Wakamsukuma ndani ya gari, wakamsukuma na Zina, wakaondoka.

Baada ya siku tatu Zina alirudi kwa miguu, peke yake. Nikamtokea getini.

"Lukyan yuko wapi?"

"Wamemuua."

"Umejuaje?"

"Nimeona."

Akaingia ndani akafunga mlango. Kesho yake akatoka na toroli, ndani ya toroli mna koleo, gunia, na chupa ya lita tatu ya kufungia matango. Askari wa kwenye kizuizi cha barabara akamuuliza anakwenda wapi, akasema anaokota matunda makavu ya misonobari ya kuwashia jiko. Masikio sikuyaona, alikuwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nikajiuliza, nani anakwenda msituni na chupa? Alirudi na gunia la matunda ya misonobari. Chupa hakurudi nayo.

Watu wetu walipowafukuza wale askari mwezi wa tisa, wakaja na wapelelezi. Wakauliza nani anajua lolote. Zina akainua mkono, akawapeleka mpaka kwenye misonobari, akasimama akasema, "Hapa." Hakutafuta hata hatua moja. Wakachimba. Juu yake waliikuta ile chupa, imefungwa kifuniko cha bati kwa mashine ya mkono, jinsi tunavyofunga matango, na ndani karatasi kavu kabisa. Lukyan Bezruchko, na tarehe.

Mimi ndiye niliyesema wa kwanza, na nilisema kwa sauti. Amejuaje? Wamemwachiaje yeye, mzima, mikono na miguu yote, na Lukyan wakamuua? Mtu alikamatwa ghalani kwake, kaburi analijua yeye, chupa ni yake. Alimvuta kwake kama panya kwenye mtego, akamuuza! Kijiji kikanisikiliza, maana Klavdia hakuwahi kukosea kwenye maziwa. Wapelelezi walimhoji Zina siku mbili wakamwachia, faili likabaki wazi kwa sababu hawakupata aliyepeleka habari. Nikasema, "Bila shaka kawashinda kwa ukimya wake."

Tukaacha kumsalimia. Dukani alisimama mwisho, na aliyekuwa mbele yake alisogea mbali naye. Kuna siku walimpaka rangi nyekundu kwenye geti, neno ambalo silisemi hapa. Si mimi niliyepaka. Nilimwona aliyepaka, nikashusha pazia. Zina akaliosha geti kwa sabuni siku mbili, bila kumuuliza mtu kitu.

Frosya baada ya kumzika mwanawe upya miguu ilimgomea. Hana ndugu. Nikamchukua mimi. Kila siku saa nane nilivuka barabara na sufuria yangu ya buluu, borshi, au viazi na uyoga, nikamlisha, nikamchana nywele, nikamsomea shairi moja la Lukyan, maana macho yake nayo hayakuwa mazuri. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na Frosya, na umaskini wake wote, hakuwahi kunirudishia sufuria tupu. Mara kitunguu, mara kokwa mbili za jozi, mara peremende imeganda kwenye karatasi yake. Nilikuwa nazitupia kwenye bakuli dirishani. Na kila siku, kabla sijaondoka, alinishika mkono wa sweta.

"Klava, umempata?"

"Namjua, Mama Lukyan. Sina ushahidi tu."

"Nataka aseme mbele yangu. Nisikie kwa masikio yangu kabla sijafa. Wewe peke yako ndiye unayemtafutia mwanangu haki."

Nikamwahidi. Siku moja, mbele ya kaburi, atasikia.

Mwaka huu, Jumapili ya makaburi, wiki moja baada ya Pasaka, nikaona ndiyo siku yenyewe. Kijiji kizima kiko makaburini siku ile. Tumetandika vitambaa vya kutarizi juu ya nyasi, mkate wa Pasaka, mayai yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu yakawa mekundu, soseji, mtu anamimina pombe, kidogo kwa walio hai na kidogo kwa waliolala. Frosya tulimleta kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye jiwe la mwanawe. Kama kila mwaka, watu wakasimama mmoja mmoja kusema shairi lake. Halyna alisoma, mwalimu alisoma. Mimi nilisema lile la mwezi uliotiwa maji, kwa kichwa, watu wakacheka na kulia pamoja, na Frosya akaukamata mkono wangu hakuuachia.

Hapo nikamwona Zina. Amesimama kwenye njia, mbali na watu, ana yai moja na kipande cha mkate kwenye leso. Kila mwaka hungoja wote tuondoke, ndipo aje aweke yai lake.

"Zina!" nikamwita. "Njoo hapa. Usiogope, hatukuli."

Akaja. Mtu akaweka glasi chini.

"Wewe ukiulizwa unajibu, sivyo? Leo nakuuliza mbele ya watu, mbele ya mama yake, mbele ya Lukyan mwenyewe. Nani aliwaambia askari kwamba yuko ghalani kwako?"

Zina alinitazama. Kisha akamtazama Frosya, akautazama mkono wangu ndani ya mkono wa Frosya, kwa muda mrefu.

"Sijui," akasema.

Na masikio yake yakawaka! Yakawaka mpaka shingoni, na kitambaa kimerudi nyuma, kila mtu anaona.

"Mmeona?" nikapiga kelele. "Mmeona wenyewe? Anadanganya! Anamjua!"

Watu wakaanza kunguruma. Mzee mmoja akamwambia, "Ondoka hapa, mwanamke." Zina akainama, akaweka yai lake kwenye jiwe, akaenda. Frosya akanivuta sweta.

"Ni yeye?"

"Nitakuletea," nikamwambia. "Saa nane nitakuja na sufuria, na nitamleta hadi kwako aseme."

Nikamwachia Halyna kiti, nikamfuata Zina. Ninakwenda mbio na miguu yangu mibovu, moyo unadunda kwa furaha, niseme ukweli, furaha ile ya kijiti kinapozama. Nilimkuta uani kwake, ameketi kwenye benchi, anavua viatu vya kutokea.

"Umedanganya," nikamwambia. "Miaka sabini hujaweza kudanganya hata kuhusu keki, leo umedanganya juu ya kaburi la mtoto. Nani aliwaambia?"

"Nenda nyumbani, Klava."

"Siendi. Nakuuliza mara ya pili. Nani?"

Akaweka kiatu kimoja karibu na kingine, akavisawazisha.

"Waliingia wanacheka," akasema. "Yule mkubwa wao kijana mdogo tu. Hakuuliza Lukyan yuko wapi. Alisema, haya bibi, tuonyeshe huyo mchumba uliyemfungia kwenye viazi."

  Nikatazama mlango wa ghala lake. Nikajisikia niko kwenye foleni, nina kikapu mkononi, sauti yangu inapanda juu ya vichwa vya watu, na wale wawili mlangoni wanacheka na sigara zao.

"Ilikuwa mzaha," nikasema.

"Najua."

"Mimi nilidhani unawapikia wao."

"Najua, Klava."

Nikaketi kwenye ardhi, si kwenye benchi. Nilimchukia wakati ule kuliko wakati wowote. Kama angekuwa amenichoma kisu ningemshukuru. Nikamfokea, "Mbona hukusema? Miaka mitatu! Nimekuita muuaji, wamekupaka geti, umekaa kimya unanitazama nikijifanya jaji!"

"Hukuniuliza. Ulikuwa unasema tu."

"Na wapelelezi? Hao hawakukuuliza?"

"Waliniuliza kama namjua aliyekwenda kwa askari kuniripoti. Hakuna aliyekwenda, nikasema simjui. Askari walimwachia nani, walimpiga nani, yote nikawajibu. Mimi askari waliniweka kufua nguo na kuosha sakafu, kisha hawakunihitaji tena. Nililiona gari likimpeleka Lukyan misonobarini, likarudi bila yeye."

"Na chupa?"

"Karatasi ingelowa."

"Leo basi! Leo nimekuuliza waziwazi!"

"Leo alikuwa amekushika mkono," akasema Zina. "Mimi Frosya hataki hata nipite mbele ya geti lake. Ningesema pale, kesho angekula nini? Nani angemsomea?"

Nikalia. Sikuwa nimelia hivyo hata siku ya kumzika mume wangu. Zina hakunigusa, hakuniambia nyamaza, alikaa tu mpaka nikamaliza. Kisha nikakumbuka kwamba ni karibu saa nane na borshi iko jikoni kwangu, na Halyna keshamrudisha Frosya, na Frosya ananingoja na swali lake.

"Vaa viatu," nikamwambia.

"Klava, usifanye hivyo."

"Vaa viatu nimesema! Wewe peke yako ndiye unayejibu ukiulizwa? Mimi naulizwa kila siku, miaka mitatu."

Nikachukua sufuria ya buluu, nikampa yeye aibebe. Nilitaka waione mikononi mwake. Watu walikuwa wanarudi makaburini na vikapu vyao, wakasimama kando ya barabara kututazama, Klavdia na Zina bega kwa bega.  Niliogopa, tena sana, si kijiji, bali kile chumba kidogo chenye kitanda na dirisha.

Frosya alikuwa kwenye kiti chake, bado ana kitambaa chake cheusi.

"Umemleta," akasema.

"Huyu ndiye aliyemficha, Mama Lukyan. Alimlisha siku kumi na tisa, mkate wa pili ulikuwa wake. Alimzika kwa mikono yake. Aliyewaambia askari ni mimi." Na kabla hajaniuliza nikayasema yale maneno, yote, kama nilivyoyasema kwenye foleni, bibi mmoja mikate miwili, mchumba, viazi. Sikuacha hata moja. Nikamwambia na askari walisimama wapi.

 Saa ya ukutani ilikuwa inagonga. Kisha Frosya akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Watu walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mkono wake ulikuwa kwenye sweta yangu, sikuwa nimeona ameushika saa ngapi. Akaufungua kidole kimoja kimoja, akaurudisha mapajani.

"Zina," akasema, "sahani ziko kabatini, kushoto."

Nikatoka. Pale nje nilisikia kijiko kinagonga sahani, nikaenda nyumbani.

Kesho yake nilikwenda dukani, nikasimama mahali pale pale kwenye foleni, nikayasema tena mbele ya wote. Hakuna aliyenitukana. Wakatazama chini, maana na wao walicheka, na kila mmoja anakumbuka alivyocheka. Sasa wanamsalimia Zina kwa sauti kubwa kupita kiasi, wanamsogezea nafasi ya mbele. Yeye anasema asante na kurudi mwisho wa foleni. Wapelelezi nao nimewaandikia, kwa jina langu na sahihi yangu.

Ninapika bado. Saa nane kasoro Zina anakuja kwenye uzio, nampa sufuria ya buluu pale penye mbao zilizoachana, anavuka barabara, anamlisha, anamsomea. Siku ya kwanza nilimuuliza kama Frosya anajua chakula ni cha nani. "Nimemwambia," akasema. "Anakula." Saa tisa na nusu sufuria inarudi juu ya nguzo ya uzio, imeoshwa, inang'aa, kifuniko juu yake.

Mimi nangoja Zina aingie ndani kwanza. Kisha naenda, nafunua kifuniko, natazama. Hakuna kitunguu wala kokwa. Natia na mkono, nisije nikawa sioni vizuri. Ni wiki ya sita sasa. Leo pia ilikuwa tupu.